Kijiti Juu ya Paa la Mzee Hezekiah Were

Mchungaji, wazee wetu kutoka Samia na Chwele, majirani wa Dagoretti, wageni wetu kutoka Parklands na Woodley, na nyote mlioacha shughuli zenu Ijumaa hii ya tarehe 12 Septemba 2025 mkaja kukaa nasi kabla hatujaanza safari ya kumpeleka mzee wetu nyumbani, nawashukuru kwa niaba ya familia. Mimi ni Mercyline, mtoto wa pili wa marehemu, na nimekabidhiwa karatasi hizi kwa sababu kaka yangu Fidel alisema sauti yake haitamfikisha mwisho, na kwa sababu baba mwenyewe aliagiza kwamba msomaji awe ni yule mtoto aliyebishana naye zaidi, maana huyo ndiye anayekumbuka tarehe.

Marehemu Hezekiah Were Obuya alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 karibu na Funyula, Samia, katika Kaunti ya Busia ya leo, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Obuya na Mama Nabwire. Babu yetu Obuya alikuwa fundi wa kuezeka nyumba za nyasi, na kwake baba alijifunza mapema kwamba kazi ya paa haijaisha mpaka kijiti kisimame juu ya kilele, kwa kuwa katika desturi yetu kijiti hicho ndicho kinachotangaza kwamba mwenye nyumba yu hai, na anapoaga dunia, kabla hajazikwa, mtu wa ukoo hupanda akakiondoa na kukivunja, ndipo wapita njia wakajua bila kuuliza. Naomba mkiweke akilini kijiti hicho, kwa sababu nitakirudia.

Alianza darasa la kwanza mwezi wa Januari 1961 katika shule ya misheni iliyokuwa mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1967, akapita hesabu kwa alama ambazo alikuwa akizitaja hata kwa wahudumu wa benki, lakini hakuendelea na sekondari, kwa sababu mwaka huo huo babu alianguka kutoka kwenye paa akavunjika nyonga, na nyumba ya watu ilikuwa imebaki nusu, ikabidi mtoto apande aimalize. Kuanzia 1968 hadi 1970 alijifunza useremala, na tarehe 6 Januari 1971 aliwasili Nairobi, akapokewa na mjomba wake aliyekuwa mpishi katika nyumba moja ya Woodley Estate, wakaishi wote wawili katika chumba cha nyuma ambacho baba alisema ukinyoosha miguu unazima taa.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa na mjenzi mmoja wa Parklands, marehemu Bwana Indravadan, na hapo ndipo alipokutana na Mzee Muli, ambaye ameketi pale mbele akiwa amevaa koti la baba, alilopewa na baba mwenyewe, hakuliiba. Kwa miaka ishirini na saba hao watatu waliezeka nyumba za Woodley na Parklands, maghala ya Industrial Area na vyumba vya madarasa nisivyoweza kuvitaja vyote, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ni ya asbesto, maana wakati huo asbesto ndiyo iliyokuwa sifa ya mjenzi, haikushika moto, haikuota kutu, haikupiga kelele mvua iliponyesha, na mtu aliyeezekewa kwa mabamba yake alijiona amefika. Waliyakata kwa msumeno wa mkono bila kitu chochote puani, Bwana Indravadan akishika ncha ya pili ya bamba yeye mwenyewe kwa sababu hakuamini vipimo vya mtu mwingine, na jioni walirudi nyumbani weupe kuanzia nywele hadi viatu, hata watoto wa Kawangware wakawaita watu wa posho, wakidhani wanatoka kwenye kinu cha unga, nao wakalipokea jina hilo kwa furaha.

Tarehe 16 Desemba 1978, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mama yetu, Naliaka, binti wa Mzee Wafula wa Chwele, katika kanisa la Anglikana kando ya Ngong Road, wakajaliwa watoto watatu, Fidel aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1979, mimi niliyezaliwa tarehe 22 Mei 1982, na Ivyne aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1987, na kupitia kwetu wajukuu saba, ambao baba aliwapenda kwa upendeleo wa wazi na usio na aibu. Ndoa yao ilikuwa na vicheko vingi kuliko nyumba nyingi ninazozijua, na ugomvi wao mkubwa, kwa kadiri ninavyokumbuka, ulihusu chumvi.

Mwaka 1985 walipata kiwanja hiki tulichokalia, na tarehe 20 Septemba 1986 walihamia katika nyumba hii, ambayo baba aliijenga Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, akaiezeka kwa mabamba ya asbesto aliyozawadiwa na Bwana Indravadan, na juu kabisa akasimamisha kijiti cha mvule alichokuwa amekichonga mwenyewe. Majirani walimtania kwamba mtu wa mjini ameweka pembe kwenye nyumba, naye akawaambia kwamba nyumba isiyo na kijiti ni stoo. Hakuna kilichotupwa katika ujenzi ule, kwa kuwa baba hakuwa mtu wa kutupa, vipande vilivyobaki vikawa paa la banda la kuku, kizingiti cha mlango wa jikoni, kibao cha kuwekea jiko kwa sababu hakiungui, na kimoja kidogo chenye makwaruzo mama alikitumia kusugulia visigino kwa miaka mingi, visigino ambavyo, nasema kwa ushahidi, vilikuwa laini.

Na kila Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajafika, baba alipanda na brashi ya waya akasugua ukungu wote juu ya paa lake mpaka likawa jeupe kama siku aliyoliezeka, kwa sababu fundi wa paa hawezi kuwapokea watu chini ya paa lenye ukungu, nami nilikuwa chini nikishikilia ngazi, vumbi likiniangukia kichwani, na mama akikung'uta ovaroli zake mlangoni. Hatukujua. Nasema hivyo bila kumlaumu mtu, kwa sababu hata walioyauza mabamba yale hawakutuambia, na baba alikuwa akitutunza kwa njia aliyoijua.

Mimi nilijua kwanza, na hapa ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Mwezi wa Machi 2016 nilikuwa karani katika afisi ya bima katikati ya jiji, kwenye jengo la zamani, na siku moja tukakuta orofa ya pili imefungwa kwa plastiki na wafanyakazi waliovaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima wakishusha dari, na tangazo ukutani likisema humo ndani mna asbesto na mtu yeyote asikaribie. Nilimuuliza msimamizi wao kwa nini watu wanajifunika hivyo kwa ajili ya dari, akanieleza kwa upole kwamba bamba likiwa zima na halijaguswa halina shida kubwa, ila likikatwa, likitobolewa, likivunjika au likisuguliwa, hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, mtu akazivuta, zikakaa mapafuni miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, kabla ya kujitangaza. Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikasimama uani nikalitazama paa letu, na nikajiambia, uwe na hofu, Mercyline, lakini useme polepole. Sikusema polepole.

Baba alinisikiliza hadi mwisho, akamaliza chai yake, kisha akanijibu maneno ambayo familia nzima inayajua, akisema, "Mercy, mimi hii paa nimeiweka na mikono yangu, na imenilinda miaka thelathini. Itaniua namna gani?" Desemba ile alipanda tena na brashi yake, nami nilikataa kushika ngazi, na hatukusalimiana vizuri mpaka Februari.

Kikohozi kilianza mwaka 2019, kikavu, kisichotoa chochote, kikifuatwa na kukosa pumzi hata kwa mwendo wa kutoka hapa hadi dukani kwa Muema, jirani yetu wa upande ule wa barabara. Alitibiwa homa ya mapafu mara mbili, akapimwa kifua kikuu mara tatu bila kukutwa nacho, akaambiwa ni uzee, akaambiwa ni baridi ya Dagoretti, mpaka tarehe 18 Julai 2022, katika hospitali moja kule Parklands, daktari kijana alipoweka picha ya kifua mezani akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza, "Mzee, ulipokuwa kijana ulikuwa ukifanya kazi gani?" Baba akamwambia kwa fahari, kama alivyowaambia wahudumu wa benki kuhusu hesabu, na daktari akatueleza kwamba mapafu yake yamejaa makovu ya vumbi la asbesto, kwamba makovu hayo hayafutiki, lakini kwamba mtu anaweza kuishi nayo kwa matunzo. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka sita kumwambia kwamba nilisema, na siku hiyo sikuweza kulisema, nilimshika mkono tukatoka.

Ndugu zangu, mtu mwingine angelala kitandani akahesabu siku zake, lakini baba yetu siku ya pili alimtuma Ivyne kununua daftari la shule la kurasa mia mbili, akaandika kila paa aliloliezeka kwa asbesto, akimpigia simu Mzee Muli pale alipokwama, wakafikisha mapaa sitini na moja. Kisha wazee hao wawili, mmoja akikohoa na mwingine akibeba maji, wakaanza kuyatembelea moja baada ya jingine, na kwa kuwa namba za nyumba zimebadilika na rangi zimebadilika, baba aliyatambua kwa jinsi alivyopanga misumari yake, akagonga lango na kumwambia mwenye nyumba kwamba paa lile ni lake na ana habari nalo. Wengine walidhani anatafuta kazi, na mama mmoja wa Woodley alimletea viatu vya kukarabati, lakini aliwaeleza wote jambo lile lile, kwamba wasiogope na wasiliguse, wasilisugue, wasipigilie msumari wa antena, wasilivunje kwa nyundo, wasilikate vipande vya kuezekea banda la kuku, na siku wakitaka kulitoa waite watu wenye leseni ya kazi hiyo, kwani hata ile barakoa ya kawaida tuliyoizoea wakati wa korona haizuii nyuzi zile.

Paa la kumi na nne katika daftari lilikuwa la nyumba ya Bwana Indravadan mwenyewe, Parklands, ambaye aliaga mwaka 2009 baada ya kikohozi kilichoitwa pumu. Mjane wake, Mama Deepa, alimsikia baba akikohoa getini kabla hajamwona, akafungua mlango akilia, kwa sababu alisema alikijua kikohozi kile, na wakakaa sebuleni mchana kutwa wakimkumbuka mtu aliyependa kushika ncha ya pili ya bamba. Mwanawe Keval, ambaye yuko nasi hapa, alisimama na baba tangu siku ile kama mtoto wa nne, na sisi wengine watatu tumeshamzoea.

Lakini kulikuwa na paa moja ambalo halikuwa kwenye daftari, nalo ni hili letu, na hilo ndilo lililomtesa baba kuliko kikohozi. Aliuona mwisho wake unakuja, na aliijua desturi, kwamba akifa, Fidel atapanda kuondoa kijiti, juu ya mabamba ya karibu miaka arobaini yaliyochakaa na kusuguliwa, yatakayovunjika chini ya mguu wake, huku mamia ya watu wamejaa uani wakiangalia juu na wajukuu wakiwa mbele kabisa. Akaamua paa lishuke yeye akiwa hai, na kijiti kishuke pamoja nalo.

Hapo nyumba iliwaka moto, kwa sababu kushusha kijiti cha mtu aliye hai ni kukiita kifo kwa jina, na baba mdogo Sammy alitoka Funyula kwa basi kuja kukataa, na mama naye alikataa, na mimi niliyelilia paa lile litolewe tangu 2016, niwaambie ukweli, nilipokiwazia kijiti kikishuka moyo wangu uliingia baridi. Tulikaa sebuleni tarehe 2 Juni 2024 tukasema yote, baba akasubiri mpaka tukachoka, kisha akasema maneno machache kwa sababu pumzi haikumtosha kwa mengi, "Kijiti ni changu na kifua ni changu. Sitaki mtoto wangu aniheshimu akivuta ile vumbi imenimaliza." Baba mdogo Sammy aliomba maji ya kunywa, na tukajua kikao kimeisha.

Tarehe 11 Juni 2024 Keval alileta kampuni yenye kibali, na kwa siku mbili familia ilihamia kwa Muema, majirani wakafunga madirisha na kuanua nguo, na baba akawekewa kiti cha plastiki kwenye lango la Muema akiangalia kwa mbali. Mabamba yalimwagiwa maji kwanza ili vumbi lisiruke, misumari ikang'olewa taratibu, kila bamba likashushwa likiwa zima, likafungwa kwa plastiki nzito mara mbili na kuandikwa onyo, yakapelekwa kuzikwa mahali palipotengwa kwa taka hizo, na pamoja nayo paa la kuku, kizingiti, kibao cha jiko, ovaroli za zamani na kile kipande cha visigino, ambacho mama alikikabidhi kwa masikitiko. Hata udongo wa juu chini ya ukingo wa paa uliondolewa. Baba aliwakosoa vijana wale siku zote mbili, kwamba wanashuka ngazi kama watu wanaoogopa wakwe, lakini bamba la mwisho liliposhuka zima alivua kofia yake.

Kijiti cha mvule kilioshwa na kupanguswa kwa kitambaa kibichi, na wiki iliyofuata, mabati mekundu yalipokwisha kupigiliwa, baba mdogo Sammy mwenyewe ndiye aliyesema kwamba mwenye nyumba bado yuko hai na paa lisikae uchi, Fidel akapanda akakirudisha mahali pake. Tulihesabu siku kwa hofu, ya kwanza, ya saba, ya arobaini, kisha tukaacha kuhesabu. Baba aliishi chini ya paa lile miezi kumi na minne na zaidi, akilalamika kwamba mvua ina kelele na kwamba kelele hiyo inamlaza vizuri, akafikisha daftari lake kwenye paa la thelathini na nane, na hiyo miezi ilikuwa myema, hatutasema vinginevyo kwa sababu tu tuko kwenye msiba. Mama alipigwa picha ya kifua na akakutwa mzima, nasi watoto vilevile, na tutaendelea kupimwa kila mwaka kama daktari alivyoagiza.

Mwishoni mwa Agosti pumzi ilimpungukia, akalazwa Parklands, na tarehe 2 Septemba 2025, Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mama akiwa amemshika mkono na Mzee Muli akimsomea orodha ya mapaa, alituacha kwa utulivu.

Familia inamshukuru yule daktari aliyeuliza swali lililopaswa kuulizwa, na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa akikagua dari ya wodi yao kila asubuhi, inamshukuru Muema na majirani wote wa Dagoretti waliotupa malazi na sufuria, Mama Deepa na Keval, washirika wa kanisa, na wafanyakazi wenzangu wa afisi, wakiwemo walionificha nilipotoroka kazini kumpeleka kliniki. Daftari lina mapaa ishirini na matatu yaliyobaki, liko kwa Mzee Muli kwenye hema la chai, na yeyote anayeishi Woodley au Parklands katika nyumba ya zamani aangalie jina la mtaa wake kabla ya kuondoka, maana baada ya mazishi mimi ndiye nitakayezunguka na Mzee Muli nikibeba maji.

Jana asubuhi, kama desturi inavyotaka, Fidel alipanda juu ya nyumba. Wengi wenu mlikuwapo, mliona uwanja umejaa, na wajukuu saba wako mbele kabisa, wakiangalia juu. Alikishika kijiti, akakitoa, akakivunja, na vipande hivyo viwili ndivyo hivi juu ya jeneza. Mama alikuwa chini kabisa ya ukingo wa paa, na kijiti kilipovunjika alifungua kinywa chake chote akalia kwa pumzi yake yote, nami nilikuwa kando yake nikishikilia ngazi, na hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kufunika pua. Hicho ndicho ulichokitaka, baba, na umekipata. Sasa pumzika kwa amani.